Kutoka Kasenyi Hadi Hori ya Siyu

Yaya alikaa katikati ya mtumbwi, juu ya gunia la maharagwe, akavuta kitenge kikamfunika mpaka machoni. Mtumbwi wa Kasenyi si chombo cha matembezi. Ni mbao ndefu zilizopigiliwa misumari, injini moja nyuma, magodoro, mapipa, mbuzi wawili, akina mama wenye watoto mgongoni, na kijana mmoja anayefua maji kwa kopo la mafuta lililokatwa mdomo. Tulikuwa watu watano kutoka Bunia tukivuka Ziwa Albert kwenda Ntoroko, upande wa Uganda, na kutoka hapo tuende mpaka pwani ya Kenya kupanda jahazi kwa ajili ya raha tu. Yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili chetu, ni muuguzi, na ndiye mkubwa wetu. Hakusema neno kwa karibu saa tatu, hadi mabati ya Ntoroko yalipoanza kung'aa mbele yetu.

Sababu yake tuliijua. Mwanzoni mwa 2018, vijiji vya Djugu vilipoungua, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Uganda kwa mitumbwi kama ule, wakipandia Tchomia na fukwe za jirani. Yaya alikuwa mmoja wao. Kwa watu wa mkoa wetu wa Ituri chombo cha majini kina maana mbili: kubeba mzigo, au kukimbia. Kuna maana ya tatu, ya mtu kupanda chombo kwa sababu upepo ni mzuri na rafiki zake wako naye. Hiyo hatukuwahi kuwa nayo, na mimi niliona ni haki yetu kuitafuta.

Wazo lenyewe lilitoka mbali. Ndugu ya Fundi anayeishi Montréal alikuwa amemtumia picha za wiki moja aliyoimaliza na marafiki katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, huko Karibi. Wamekodi chombo cha tanga chenye vyumba vya kulala na jiko, wanatoka kisiwa hiki asubuhi, jioni wanatia nanga kingine. Biashara hiyo ilishika kasi katika kisiwa cha Tortola tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na msingi wake ni upepo: kule hewa inavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, visiwa vimekaribiana, kila kimoja kinaonekana kutoka kwa mwenzake. Fundi hutengeneza pikipiki karibu na soko kuu la Bunia. Alituonyesha picha zile kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akauliza, "Sisi tunashindwa nini?"

Tulishindwa nauli ya ndege, bila shaka, na visa. Lakini Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na pwani yenye visiwa tunayo jirani. Mwalimu wetu wa historia akataja Lamu. Tukaanzisha likelemba, mchezo wa kuchangiana fedha na kupokea kwa zamu, ya watu watano. Kila mwezi kila mmoja alitoa fungu lake, ila safari hii hakuna aliyepokea. Fedha yote ilibaki kwa Mama Vitenge, ambaye biashara yake ya nguo imemzoesha kulala na hela za watu bila kuzigusa. Ikachukua mwaka mmoja na miezi miwili.

Barabara ya kuteremka kutoka Bunia hadi ziwani ina urefu wa kama kilomita 60, na hakuna anayeipita bila kunyamaza kidogo Bogoro, kijiji kilichoshambuliwa tarehe 24 Februari 2003 na ambacho jina lake lilisomwa kwa miaka katika mahakama ya The Hague. Baada ya Bogoro nchi inakatika ghafla. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari; ziwa liko chini kwa mita 600 nyingine, refu la kilomita 160, limelala katika Bonde la Ufa kama kitambaa cha kijivu. Zamani hapa Kasenyi ilifika meli. Kuanzia mwaka 1930 Robert Coryndon ilikuwa ikitoka Butiaba, upande wa Uganda, ikiwa na abiria na mizigo, mpaka ilipozama katika miaka ya 1960. Leo hakuna meli ya namna hiyo. Kuna mitumbwi, na wavuvi wanaoamka na hofu ya watu wenye silaha majini.

Njia iliyobaki sitaisimulia sana: basi mpaka Kampala, basi tena mpaka Nairobi, treni hadi Mombasa, na siku nzima ya gari kuelekea kaskazini kupitia Garsen na Witu, vizuizi vya askari vikiwa vingi kiasi cha kutufanya tujisikie nyumbani. Mokowe barabara inaishia majini. Boti la dakika chache linakuvusha hadi Lamu, na hapo ndipo masikio ya Mama Vitenge yalipogundua kitu kabla ya macho yake. "Sikilizeni," alisema. "Hakuna pikipiki."

Lamu ni mji wa punda na miguu. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba punda mwenye matofali akija, wewe unajibanza mlangoni. Ngome yake ilijengwa kati ya 1813 na 1821, na mji mkongwe wote uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, ukitajwa kuwa mji wa Waswahili wa zamani zaidi ambao haujawahi kuachwa na watu. Katika jumba la makumbusho Mwalimu alisimama muda mrefu mbele ya mfano wa mtepe, chombo kilichoshonwa. Mbao zake hazikuunganishwa kwa msumari hata mmoja, ila kwa kamba ya makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mitepe ilisafiri pwani hii kwa karne nyingi, na ya mwisho ilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Mwalimu alihesabu mishono kwa kidole bila kugusa kioo.

Jahazi tulilokodi lilikuwa dogo, la mita kama 11, lililoundwa Matondoni, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa ambako mafundi bado wanachonga mataruma kwa shoka na tezo. Kwenye pande mbili za omo, yaani mbele ya chombo, palipigwa jicho: kibao cha mviringo cheupe chenye mwezi na nyota, ili chombo kione kinakokwenda. Mbao za nje zilinukia sifa, mafuta ya papa wanayopaka kuzuia maji, na chini ya usawa wa maji kulikuwa na deheni nyeupe. Nahodha alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mwenye kofia ya vito iliyopauka. Alikuwa na mabaharia wawili vijana na magunia ya mchanga kama kumi. Fundi aliuliza mchanga ule unauzwa wapi.

"Hauuzwi, mwanangu. Huo ndio uzani wetu," alijibu. "Mtauhamisha nyinyi mpaka mchoke."

Tuliondoka alfajiri, maji yakiwa yamejaa, ili tuwahi kupita Mlango wa Mkanda, njia nyembamba ya mikoko kati ya kisiwa cha Manda na bara. Injini ndogo ilifungwa tezi, yaani nyuma, kwa dharura, lakini Nahodha hakuiwasha. Mabaharia walivuta henza, kamba ya kupandishia tanga, wakiitikiana; foromali, mti unaobeba tanga, ikapanda, na tanga likafunguka kwa mlio ambao sijui kuulinganisha na kitu. Kisha kimya. Mtu aliyezoea injini ya Kasenyi haamini kwamba chombo kinakwenda mpaka aangalie maji yakipita ubavuni. Yaya aliangalia. Bado alikuwa amekaa katikati, na jaketi okozi lake amelifunga kamba zote mbili.

Tulikuwa Januari, msimu wa kaskazi. Hapa ndipo bahari hii inapotofautiana na ile ya Karibi. Kule upepo ni mmoja. Huku ni pepo mbili, zinapokezana. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, kisha baada ya muda wa kubadilika unaingia kusi na kuvuma upande wa pili. Juu ya kupokezana huko ndiko kulikojengwa Pwani nzima: majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, yakangoja, yakarudi na kusi. Na kwa kuwa kisiwa cha Pate kiko kaskazini-mashariki mwa Lamu, mtu anayekwenda Pate wakati wa kaskazi anakwenda dhidi ya upepo. Kwa maneno ya Nahodha, anabisha.

Kubisha kwa jahazi ni kazi ninayotamani kila mtu aione mara moja. Chombo hakiwezi kuingia upepo uso kwa uso, kwa hiyo kinakata mshazari, kwenda kushoto, kisha kulia, kisha kushoto. Kila kinapogeuka, baharia mmoja analegeza demani, ile kamba inayoshika pembe ya tanga; mwingine anaikamata foromali kwa chini na kuisimamisha karibu wima kando ya mlingoti, tanga lote likipiga kelele kichwani mwake; anaizungusha kwa mbele, anakimbia nayo upande wa pili, na kabla hujamaliza kupumua tanga limejaa upya. Wakati huohuo abiria wanasukuma magunia ya mchanga kutoka upande huu hadi ule, la sivyo chombo kitalala. Fundi alijifunza haraka kuliko sote. Tulipogeuka mara ya tano alikuwa anaitikia pamoja na mabaharia, na Nahodha akamkabidhi demani. Mtu ambaye maisha yake yote ameshika nyaya za klachi aliishika kamba ile kwa vidole vitatu, akisikiliza upepo ndani yake.

Mchana tulitia nanga Manda Toto, kisiwa kidogo cha matumbawe. Mama Vitenge, ambaye alikuwa ameapa hataingia majini, aliingia mpaka kiunoni na nguo zake zote. Chakula kilipikwa juu ya makaa, kwenye kibati kilichojazwa mchanga: wali wa nazi, na changu aliyenaswa asubuhi hiyo. Tulizungumza kuhusu majina ya vyakula. Kwetu ni bugali, kwao ni sima. Kwetu ni sombe, wao walipoeleweshwa wakasema, kumbe kisamvu! Lituma ya Yaya, ndizi zilizopondwa zikafinyangwa, haikupata mwenzake. Usiku tulilala juu ya sitaha chini ya mwezi uliokaribia kujaa.

Siku ya pili ndiyo siku yenyewe.

Siyu uko ndani ya kisiwa cha Pate, mwisho wa hori linalopinda katikati ya mikoko. Chombo kinaingia maji yakijaa na kutoka kabla hayajapwa. Njia nyingine hakuna. Tuliingia saa tisa alasiri, mabaharia wakisukuma kwa pondo. Ngome ya Siyu ilitokea ghafla baada ya kona, nyeusi na nyeupe, karibu kuliko tulivyotarajia. Nahodha aliangalia alama ya maji kwenye shina la mkoko. Kulikuwa na mwezi mpevu, kwa hiyo lilikuwa bamvua, maji yanayopanda sana na kushuka sana. "Saa kumi na moja muwe hapa," alituambia. "Msizidi."

Tukazidi. Kosa ni letu na sitalisingizia jambo jingine. Siyu ni mji unaomshika mtu mkono. Katika karne ya 19 ulimkatalia Sultani wa Zanzibar kwa miaka, na jeshi la Seyyid Said lilipopelekwa kuutia adabu katika miaka ya 1840 lilirudi limevunjika. Kiongozi wake, Bwana Mataka, ndiye aliyekuwa mume wa Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke aliyeandika utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Mwalimu alitaka kuona kila ukuta. Mama Vitenge alipata fundi wa ngozi, kwa sababu Siyu bado wanashona viatu na mikanda kwa mkono, na akataka ndara za watoto wanne, kila mguu na kipimo chake. Mimi nilikuwa naandika. Yaya alikaa barazani na wanawake watatu wanaosuka ukili, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Kasenyi kumsikia akicheka. Nani angemwita?

Tulirudi gatini saa moja usiku. Nahodha hakutukaripia. Alisukuma chombo, tukaenda kama hatua mia tatu, na katika kona ya pili jahazi likasimama. Halikugonga kitu. Lilisimama tu, kama punda aliyechoka. Baharia mmoja alishuka kuchungulia. Maji yalimfika magotini.

"Tumepwelewa," Nahodha alisema. "Mai yamekwenda zao. Tungojeeni."

"Mayi!" Mwalimu aliruka. "Amesema mayi!"

Ilibidi tumweleze mzee kilichotokea. Kwa Kiswahili cha Ituri maji ni mayi. Mwalimu alifundishwa shuleni kwamba hilo ni kosa, na yeye mwenyewe kwa miaka 20 ameipigia mstari mwekundu katika madaftari ya watoto wa Bunia, akiandika juu yake neno la kitabuni, maji. Na sasa hapa, kilomita nyingi kutoka Bunia, katika moja ya vitovu vya lugha hii, mzee wa Lamu anasema mai, na kwake si kosa bali ni Kiamu, lahaja ambayo ndani yake njia ni ndia, mji ni mui, na njoo ni ndoo. Sidai kwamba mayi yetu imetoka Lamu. Lugha zetu za Kibantu kule bara zina mayi zao pia, na huenda tumeipata humo. Lakini niliona uso wa Mwalimu chini ya mwezi ule. Alikuwa anafikiria madaftari.

Jahazi lilianza kulala ubavu taratibu, tope likitoa sauti ndogondogo za kaa wanaotoka mashimoni. Tulikuwa na saa nane hivi za kungoja. Kahawa ya tangawizi ilipikwa. Nahodha akataka kujua Bunia ni wapi na kuna maji gani, na ndipo Mwalimu aliposimulia kisa ambacho amekifundisha darasani mara nyingi, lakini hajawahi kukisimulia mbele ya mtu wa pwani.

Mwaka 1887, alisema, Stanley aliandikisha Unguja wapagazi zaidi ya 600 kwenda kumtafuta Emin Pasha, gavana aliyekwama kaskazini mwa ziwa letu. Walizungushwa kwa meli kupitia Rasi ya Tumaini Jema mpaka mlango wa Mto Kongo, wakapanda mto, na tarehe 28 Juni wakaingia msituni kutoka Yambuya. Kati ya mizigo yao ilikuwamo mashua ya chuma, jina lake Advance, iliyofunguliwa vipande vipande na kubebwa na watu kufuata Aruwimi na Ituri. Njaa ikawaangusha. Mashua ikabidi iachwe Ipoto, kambi ya wafanyabiashara wa pembe waliotoka Pwani na Manyema. Tarehe 13 Desemba msafara ulifika Ziwa Albert, ukasimama ufukoni bila chombo cha kuvukia, ukageuka na kurudi msituni ulikotoka. Ndipo vipande vile vikafuatwa. Aprili 1888 mashua ilifungwa upya na kutiwa majini, na walioipiga makasia kwenye ziwa letu walikuwa watu waliotoka Unguja.

Nahodha alikuwa ameacha kunywa. "Waliorudi kwao wangapi?"

"Hawakufika nusu, Ami."

"Inna lillahi." Akanyamaza. Kisha akauliza vipande vilibebwaje, kichwani au begani, na kama vilikuwa na makali, kwa sababu chuma chenye makali kinakula bega. Hilo ndilo lililomuuma: bega.

"Na sisi je?" Yaya alisema. Sauti yake ilitoka upande wa mlingoti. "Wenye vijiji walivyopita? Waliochomewa nyumba, waliochukuliwa utumwani?"

Hakuna aliyemkatiza. Ana haki, na msimulizi yeyote wa Kiswahili cha Kongo anayeruka jambo hilo hasemi kweli. Wanaoitwa Waungwana, ambao jina lao limebaki katika neno Kingwana, walikuja na biashara, na biashara yao ilikuwa pembe na watu. Tippu Tip, aliyezaliwa Unguja na kutawala Kasongo, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kizuri, na maisha hayo yana minyororo ndani. Baada yao lugha ilichukuliwa na askari wa Wabelgiji, na wamisheni, na migodi ya dhahabu iliyogunduliwa Kilo mwaka 1903, ambako watu wa makabila mengi walitupwa pamoja wakahitaji kusemezana. Hatukuipokea kama zawadi. Tumeifanya kuwa yetu kwa kuitumia: sokoni, hospitalini, kwenye matanga ya wafu wetu.

Yaya ndiye aliyeendelea kusema, na alisema jambo ambalo hata sisi tuliomjua miaka hatukuwahi kulisikia lote. Alisimulia usiku wa 2018, mtumbwi uliojaa mpaka maji yakabaki kiganja kimoja kufika ukingoni, na mtoto wa mwanamke mgeni aliyemshika mapajani mpaka asubuhi. Alisema hakuogopa kuzama. Aliogopa kwamba mtoto angelia na kusikika. Alisimulia polepole, kwa Kiswahili cha Bunia kisichorembwa, na wale mabaharia wawili waliolelewa katika Kiamu hawakuuliza maana ya neno hata moja.

Nahodha alimjibu kwa habari ya kwao. Juni 2014 Mpeketoni, upande wa bara, ulishambuliwa, na watu zaidi ya 60 wakauawa katika siku hizo. Wageni wakatoweka Lamu. Ikaja amri ya kutotoka usiku, na kwa miaka wavuvi walikatazwa bahari giza likiingia, ilhali kuna samaki wasiovuliwa ila usiku. "Nilikuwa nakaa pale gatini naangalia mwezi kama huu," alisema, "na chombo changu kimefungwa kama mbuzi." Yaya akatikisa kichwa. Wavuvi wa Tchomia angeweza kuwataja mmoja mmoja.

Saa tisa usiku jahazi lilijinyanyua. Kwanza ni mbao zilizolia, kisha kamba, kisha sitaha ikarudi kuwa bapa chini ya migongo yetu. Maji yaliingia horini bila sauti, yakipanda mizizi ya mikoko. Tulisukuma pondo mpaka nje, na upepo ukatukuta mlangoni. Safari hii ulikuwa nyuma yetu. Hakuna kubisha, hakuna magunia. Tanga lilifunguliwa lote, na jahazi likaenda chini ya mwezi kama linateremka mlima. Kisiwani nyuma yetu ulibaki Shanga, mji uliokufa karne nyingi zilizopita. Katika miaka ya 1980 Mark Horton na wenzake walichimba huko, wakakuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa karne ya 8. Fundi alikuwa na demani. Mama Vitenge alilala fofofo akikumbatia ndara nane.

Yaya aliondoka mahali pake pa katikati. Alikwenda kwa magoti mpaka tezi, akakaa karibu na Nahodha, na kulipopambazuka niliwakuta mkono wake uko juu ya usukani. Mzee alikuwa anamtajia vitu naye anarudia: omo, tezi, henza, jarari, ngama, joshi. Alikuwa na sauti ya mtu anayejifunza majina ya dawa mpya, makini, akitaka asikosee. Alipouliza upande ambao upepo unakwenda baada ya kupita chombo unaitwaje, Nahodha alimwambia ni demani pia, sawa na ile kamba, sawa na msimu wa kusi. Akaona ni maneno machache mno kwa mambo mengi, na Nahodha akamwambia bahari yenyewe itampa tofauti.

Tulirudi Lamu siku ya nne. Tulipoagana, Nahodha alikataa tumshukuru kwa kutungoja horini, akasema aliyengoja ni sote. Mwalimu alimwachia daftari lenye maneno aliyokuwa akiyaandika, safu mbili, Bunia na Lamu, akaondoka na nakala yake. Mzee alitupa kibuyu cha sifa kwa ajili ya mtumbwi wowote tutakaokutana nao nyumbani. Kilinuka katika treni, kikanuka katika mabasi mawili, na kule Kampala abiria mmoja alihama kiti.

Ntoroko tulifika asubuhi ya baridi, ziwa likiwa shwari. Mtumbwi wa Kasenyi ulikuwa umejaa sabuni, sukari na matenki ya maji. Mwenye mtumbwi alimwonyesha Yaya nafasi katikati, juu ya magunia, mahali pa akina mama. Alimshukuru, akapita. Alikwenda mpaka mbele kabisa, akakaa akiwa amegeuzia uso Kongo, na kitenge chake alikifunga kiunoni. Kijana wa kufua maji alikuwa ameinama karibu naye na kopo lake.

"Yaya, huko utalowa mayi," alimwambia.

"Hapa nilipokaa munapaitaka je?"

"Mbele tu."

"Panaitwa omo," Yaya alisema, akampokea kopo na kuanza kufua pamoja naye.